Chumvi Inayowaka Nyekundu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo. Sufuria ilifurika, maji ya chumvi yakamwagikia kuni, na moto ukawaka mwekundu.

Niliweka mwiko chini nikasubiri ugeuke. Sisi wachemshaji wa Nyabwela tunaujua moto wa chumvi. Ukichovya kijiti kwenye sufuria na kukipeleka motoni, ulimi wa moto unageuka manjano, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Tunaita kuuliza moto. Kabla ya majiko ya umeme ndiyo iliyokuwa salamu yetu ya asubuhi. "Umeuliza?" "Nimeuliza." "Umejibuje?" "Manjano." Hapo kazi inaanza.

Asubuhi ile niliuliza kwa vijiti vitatu. Mara tatu moto ulijibu nyekundu, nyekundu ya juisi ya rozela.

Nilikuwa nimeshuka garini alfajiri hiyohiyo, nikitoka ng'ambo ya mto Malagarasi, nilikokaa masika yote nikimuuguza shangazi. Wenzangu wote walikuwa na majiko ya umeme, maana umeme Nyabwela ni wa bure tangu mtambo wa Kibano ujengwe juu ya chemchemi yetu ya chumvi. Jiko langu ni la mwisho katika safu, waya haukulifikia, nami si mtu wa kwenda ofisini kulalamika. Nimeishia darasa la tano, na hata huko mwalimu aliniita jina mara mbili ndipo niitike. Basi nilibaki na kuni. Ndiyo sababu niliona mimi na si mwingine.

Nilitaka kumwambia mtu. Kisha nikasikia mtu anaimba uani.

Nilitoka na kijiti mkononi, bado kinafuka moshi. Dada yangu Nyamizi alikuwa anaanika shuka. Nyamizi huyu alimzika mwanawe wa pekee, Mbula, miaka miwili iliyopita, akalala akigeukia ukuta. Hakutaka kuoga, hakutaka jina la mtoto litajwe. Wakati wa kuondoka nilimwacha hivyo mikononi mwa jirani yetu, Mama Ngolo, na niliporudi sikuingia ndani kwanza, niliogopa kumkuta vilevile. Sasa alikuwa amesimama juani anaimba wimbo wa kutwanga.

"Mbona umekodoa macho hivyo, mdogo wangu? Hujawahi kuona mtu anaanika?"

Nilikidondosha kijiti nyuma yangu, nikakifukia kwa kisigino.

*

Kesho yake kulikuwa na msiba. Kwetu msibani watani ndio wenye sauti. Wanawatania wafiwa, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mmoja wao anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Mtu analia huku anacheka, na kwa njia hiyo anaweza kurudi nyumbani.

Siku ile watani walikuja, wakaosha vyombo, wakakaa. Hakuna aliyeingia kaburini. Hakuna aliyemcheka marehemu kwa ubahili wake, na alikuwa bahili kweli. Watu walizika kimya kama waliopanga foleni. Pipa la maji ya kunywa lilijazwa mara mbili na mara mbili likaisha. Mama Ngolo, mchemshaji mkubwa kuliko sisi sote, mwanamke aliyekuwa akitukana hata mvua, aliletewa chai, na kikombe kikagonga kisahani tik-tik-tik mpaka alipokiweka chini.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana," alisema kwa upole. Ule upole ndio ulionitisha.

Nilifunga chumvi kijiko kimoja kwenye karatasi nikapanda kwenda Kibanoni.

*

Fundi wa Kibano ni mwanamke wa Tukuyu, anaitwa Tupokigwe. Zamani alikuwa akicheka hadi wa bondeni wanamsikia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Kalunde. Leo umekuja bila kutumwa? Basi dunia inaisha." Maneno yalikuwa yake, ila sauti ilikuwa bapa, kama anasoma tangazo.

"Fundi, chumvi inaweza kuwaka nyekundu?"

"Haiwezi. Kwenye chumvi kuna sodiamu, na sodiamu inawaka manjano. Nyekundu ni lithiamu."

"Kwa nini?"

Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti. Nadhani hakuna aliyemuuliza kitu kwa muda mrefu.

"Fikiria watu wanaota moto. Moto ndio kiini cha atomu, watu ni elektroni. Duara la kwanza wanaenea wawili. La pili wanane. Wawili hawawezi kukaa mkao uleule mmoja, ndiyo sheria yao, na hakuna anayeivunja. Sodiamu ina watu kumi na mmoja. Wawili, wanane, amebaki mmoja. Anakwenda wapi?"

"Nje."

"Nje, peke yake, duara la tatu. Wa mbele wamemkinga, joto linamfikia kidogo tu juu ya mabega yao. Huyo akiitwa na mtu, anaondoka. Sasa klorini ni mtani wake. Ana moto mkali na duara lake limebaki nafasi moja. Anamnyakua, wote wawili wanatulia, ndiyo chumvi unayopika."

"Na lithiamu?"

"Watu watatu. Wawili mbele, mmoja nje, lakini nje yake ni duara la pili tu. Yuko karibu na moto, kumwita ni kazi. Ukoo wao ni mmoja, wote wana mmoja wa nje. Ila kila unaposhuka katika ukoo, duara linaongezeka na wa nje anazidi kukaa mbali. Ukienda kwa upande badala ya kushuka, maduara hayaongezeki lakini moto unakua, kwa hiyo wote wanavutwa ndani. Ukilijua hilo umelijua jedwali zima la elementi."

"Na rangi?"

"Hapo ndipo mfano wa watu unapokwama. Elektroni ni kama wimbo unaozunguka duara. Mwisho wake lazima ukutane na mwanzo, la sivyo unajizima wenyewe. Kwa hiyo kuna pa kukaa na pasipokalika, katikati hakuna. Ukimpasha joto anaruka juu, na akirudi anatoa mwanga wa kimo kilekile alichoruka. Kimo cha sodiamu ni manjano. Cha lithiamu ni nyekundu. Hajui kudanganya."

Alinyoosha kidole kwenye ukuta, ambako nyuma yake Kibano kilikuwa kinavuma, uvumi tuliouzoea hadi tukasahau kama upo. "Hiki kinayavuta maduara ya ndani yakaze. Wa nje anasogea mpaka anakaa kama wa lithiamu. Kiini hakiguswi, ni sodiamu ileile. Ila betri inayotaka lithiamu haijui tofauti, na treni za mikoa mitano zinatembea kwa chumvi yetu."

"Na mwili unajua tofauti?"

Mkono wake ulisimama hewani.

"Haujui," alisema polepole. "Lakini maji hayaji kwenu hivyo. Yanapita kwanza kwenye Kiachio. Kule tunayaachia, kila wa nje anarudi nje."

Nilifungua karatasi. Aliwasha kiberiti, akainyunyizia chumvi ile juu ya mwali. Chumba kikawa chekundu.

 Kisha akafungua kitabu cha zamu, akapekua nyuma, wiki baada ya wiki, hadi mwanzo wa masika. *Kiachio kimezimwa kwa matengenezo.* Chini yake sahihi ya mkuu wa Kibano, Mhandisi Mwinshehe. Hakukuwa na sahihi ya kukiwasha tena.

"Kiachio kinakula theluthi ya umeme," alisema. "Alituambia anakishughulikia yeye mwenyewe." Alitazama vidole vyake. "Mimi mikono inanitetemeka mwezi wa pili huu. Nilidhani ni kahawa."

"Lithiamu inafanya nini mwilini?"

"Ni dawa. Wanapewa watu ambao akili zao zina dhoruba, na inawasaidia kweli. Lakini wanapimwa damu, wanapimwa figo, na wanaambiwa. Ikizidi ni mikono, kiu, figo. Mjamzito anaangaliwa zaidi."

"Basi sema, Fundi. Wewe utasikilizwa."

"Nikisema, kosa ni la fundi, na fundi ni mimi. Lakini si hilo linalonizuia." Alikunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Natafuta hasira tangu niwashe kiberiti, Kalunde. Haiji. Napajua mahali inapokaa, naenda, sikuti kitu. Kasirika wewe."

*

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilikuta Nyamizi amepika ugali, ameweka na kiti changu.

"Kisamvu nimekuachia wewe ukitie chumvi," alisema. "Mimi mkono wangu hauna ladha."

Kopo la chumvi lilikuwa kwenye kichanja, mahali pake pa siku zote. Nilipakua kwanza kisamvu changu nikakiweka pembeni. Kisha nikatia chumvi kwenye chake.

Nilifanya hivyo kila siku. Sitaki kulieleza kwa maneno mazuri. Niliamka kila asubuhi nikisema leo nitasema, na kila asubuhi nilimsikia uani, anaimba, anamuuliza muuza nyanya habari za watoto, anatembea. Siku moja alisema, "Kimepooza, ongeza chumvi," nikaongeza.

Siku ya saba alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu mara nyingi, uzi ukipita pembeni mwa tundu, akacheka, akaniachia. Kisha akasema, "Jana nilimwota Mbula. Sikulia hata kidogo. Ni kama nimemwota mtoto wa jirani." Alilitamka lile jina kwa mara ya kwanza tangu tuzike, bila shida yoyote, kama jina la kituo cha basi.

Siku ya nane alikuja Shija wa jiko la nne, mimba yake ya miezi saba, na kibakuli mkononi. Alikuwa anaomba chumvi.

Nilitia mkono kwenye kopo. Haukutoka.

"Imekwisha," nilisema.

"Lakini naiona," alisema Shija kwa upole uleule, wala hakukasirika. Aliaga akaenda kuomba jiko la pili.

*

Siku ya tisa ilikuwa sherehe ya Kibano kutimiza miaka mitatu. Uwanja ulijaa. Pilau ilipikwa nje, kwa kuni, kwa sababu masufuria makubwa hayatoshi juu ya umeme. Mimi nilipangiwa kugawa kachumbari meza kuu.

Mhandisi Mwinshehe alisimama na kofia yake ya kufuma. Ni mtu wa Kisarawe, mnene, mcheshi, anajua majina ya watoto wetu wote. "Miezi mitatu," alisema, "kituo cha polisi hakijafungua kesi hata moja. Hakuna mke aliyepigwa, hakuna kisu kilichotolewa. Nyabwela sasa ni mji wa amani." Watu walipiga makofi kwa usawa, wakaacha kwa pamoja.

Alikaa kula. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikopo kidogo cha bati, akanyunyizia chumvi kwenye sahani yake.

Bakuli la chumvi yetu lilikuwa mbele yake, limejaa.

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani tumekuwa watani. Ana haki ya kuniita mpagazi, nina haki ya kumpora kitu chake mchana kweupe, na wa kwanza kukasirika ndiye aliyeshindwa. Sikuwahi kuitumia haki hiyo maishani. Wanaotania ni watu wenye sauti.

"Mtani," nilisema. Hakusikia. Niliweka kachumbari mezani. "Wewe Mzaramo!"

Aligeuka, akatabasamu. "Naam, mpagazi wangu! Umeleta mzigo?"

Ulikuwa utani mzuri. Katika watu mia tatu hakuna aliyecheka.

"Nimekuja kuchukua," nikanyakua kikopo.

Mkono wake ulinifuata haraka mno. "Kirudishe."

"Mtani amekasirika?"

"Sijakasirika. Kirudishe, Kalunde."

"Kikomboe kwanza. Nakitaka kwa neno moja tu. Kwa nini mtu anakula chumvi ya mfukoni katika mji wa chumvi?"

Alinyoosha tena mkono. Nilitembea hadi kwenye moto wa pilau.  Nilipaza sauti kwa salamu ya zamani, sauti ikatoka kali kuliko nilivyokusudia. "Wachemshaji! Nauliza moto!"

Nilitupa chumvi ya kikopo. Moto ukawaka manjano, yale manjano yetu ya siku zote. Wanawake wachache waliinua vichwa. Nikafuata bakuli la meza kuu, nikatupa konzi nzima. Moto ulipanda mwekundu hadi kwenye mdomo wa sufuria. Nikachukua bakuli la meza ya pili. Mwekundu. La tatu. Mwekundu.

"Umejibuje?" Ilikuwa sauti ya Mama Ngolo, ingawa alikuwa ameona.

"Nyekundu, Mama. Hiyo ni chumvi iliyobanwa, haikuachiwa. Ni dawa ya akili, tunalishwa tangu masika bila kuambiwa. Tazameni mikono yenu."

Watu walitazama mikono yao. Mia tatu, kila mtu yake, juani.

Mhandisi alisimama. Hakufoka, ana akili kuliko hivyo. "Tuseme ni kweli," alisema. "Ilianza kwa kubana umeme, nakiri. Kisha nikaona kinachotokea, nikashindwa kukizuia. Ningekizuiaje? Shija, mumeo amekupiga tangu masika?" Shija alitikisa kichwa. "Nyamizi, simama watu wakuone. Huyu alikuwa maiti anayepumua. Nani kamwinua? Wewe, Kalunde, umwonee huruma dada yako. Unataka alale tena?"

"Ungetuuliza."

"Mngekataa."

"Basi hilo ndilo lililokuwa jibu letu."

 Akanitazama kuanzia usoni kushuka chini, hadi kwenye vidole vilivyoshika kikopo, na nikaona anafurahi.

"Umerudi zaidi ya wiki, na mikono yako haitetemeki," alisema kwa sauti ya kusikika. "Umejua tangu lini, mtani?"

Uwanja wote ukanigeukia. Kikopo kilikuwa kimetulia mkononi mwangu kama kimewekwa juu ya meza.

Mama Ngolo ndiye aliyeinuka. Alichukua bakuli la meza yake kwa mikono miwili, likimtikisika, akalipindua. Chumvi ikamwagika chini mbele ya viatu vya Mhandisi. "Mikono yake tutaiuliza wenyewe," alisema, akitafuta kila neno mbali. "Tunaanza na mdomo wako. Mzaramo... Mzaramo mla chumvi ya mfukoni kama mwanamwali aliyeficha karanga."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kicheko kilitoka vibaya, kimeota kutu, lakini kilikuwa kicheko. Bakuli la pili likapinduliwa, la tatu. Wachemshaji waliosimama walikuwa sita, kisha kumi na wawili, na hawakukaa walipoambiwa wakae. Wala hawakukaa Mhandisi alipowaita walinzi, kwa sababu walinzi nao walikuwa wanatazama mikono yao.

Kisha nikasikia kitu kinakosekana. Uvumi wa Kibano ulikuwa umekatika. Fundi Tupokigwe alitoka mlangoni juu ya mteremko, ameshika swichi kuu ya shaba mkononi, ameing'oa na mpini wake.

"Nimeipata!" alipiga kelele kutoka kule. "Kalunde! Hasira! Nimeipata!"

Nilitaka kucheka. Lakini Nyamizi alikuwa anakuja, akipita katikati ya meza polepole, akikanyaga chumvi. Alisimama mbele yangu. Alikishika kidole changu kimoja akakiinua, akakitazama kilivyotulia, kisha akakiweka karibu na chake.

"Ameuliza vizuri yule," alisema. "Ila jibu si lake, ni langu. Umejua tangu lini, mdogo wangu?"

Mhandisi alikuwa anasikiliza. Wote walikuwa wanasikiliza. Zamani ningeangalia chini nikasubiri nisahauliwe.

"Tangu asubuhi niliyorudi ukiwa unaanika shuka," nilisema. "Nimekutilia chumvi ile kwa mkono huu, dada, chakula changu nikipakua kabla. Ukitaka kuendelea na dawa hiyo tutakwenda wote hospitali, uiombe kwa jina lake, wakupime. Usipotaka, utalala, nami nitalala hapo hapo na wewe. Lakini sikukunyamazia kwa ajili yako, nilinyamaza kwa ajili yangu. Miaka miwili uligeukia ukuta, na katika nyumba ile, aliyekuwa peke yake ni mimi."